Mise Zilikuwa za Wanawake: Maisha ya Mama Pudentienne Nduwimana wa Kigongo, 1903–1959

Marehemu Mama Pudentienne Nduwimana alikutana na mkwe wake Placide, aliyepewa na familia kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu, siku ya Alhamisi tarehe 12 Julai 1951, bandarini Kalundu. Marehemu alikuwa ameketi juu ya magunia ya mise ambayo Placide aliamini ni yake. Wakubwa wa familia walisema wasifu huanza na kuzaliwa. Placide akawajibu kwamba kuzaliwa kutafika tu, lakini anayetaka kumjua marehemu aanze na magunia yale.

Wakati ule Placide alikuwa kijana wa Luberizi aliyeshuka kutoka kwenye mashamba ya mpunga kutafuta maisha. Hakuwa na ng'ombe wala mjomba tajiri. Alikuwa na mizani ya kuazima na mdomo wake. Alizunguka pwani ya ziwa akinunua mise, ile mbegu ngumu iliyomo ndani ya kokwa la chikichi, na kuzipeleka kwenye bohari la Kalundu. Kutoka hapo zilipanda meli hadi Albertville, na mbele ya hapo zilikwenda Ulaya kuwa sabuni. Asubuhi ile alifika Kigongo, nyumbani kwa mzee Herménégilde, akakuta mise zimekauka vizuri, safi, hazina hata ganda moja. Akapatana bei na mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Placide hakujua bado kwamba mzee Herménégilde ni mtu wa kutikisa kichwa kwa kila jambo, hata ukimuuliza jina lake.

Wapagazi wakashusha magunia hadi bandarini, na mchana, meli ilipokuwa inapakia, walimwita Placide aje aone. Mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, alikuwa amejikalia juu ya magunia kama mtu aliyefika kwake.

"Mama, shuka," Placide akamwambia. "Mizigo yangu inapanda meli."

"Minye niko napumuzika juu ya mise yangu. Weye iko nani?"

"Niko mwenye kununua. Nilipatana na bwana yako asubui."

"Mulipatana nini?"

"Mise, mama."

"Bwana yangu iko na michikichi. Iko na mawese. Mise haiko nayo hata moja. Ungeuliza mawese, angekupa bei. Uliuliza mise, akatikisa kichwa. Hata ungeuliza mwezi, angetikisa."

Mpagazi mmoja akauliza, "Patron, mama haondoke. Tumupakie naye?"

Wasikilizaji wa Kigongo wanajua kosa lilikuwa wapi, lakini hapa wamo wageni wa bondeni ambao hawajui, kama Placide alivyokuwa hajui. Pwani hii mwanamume ndiye anayepanda mchikichi na kukata mikungu. Chikichi zikichemshwa, zikatwangwa na kukamuliwa, mawese ni yake. Makokwa yanayobaki ni ya mwanamke, kwa sababu ndiye atakayeyaanika, atakayeyapasua juu ya jiwe moja baada ya jingine, na atakayetoa mise. Mume kuuza mise ni sawa na kuuza sufuria za mke wake akiwa ameenda kuteka maji.

Marehemu hakutaka kuzungumza bei bandarini. Alitaka mise zirudi kwanza uani kwake. Kwa hiyo magunia yaliyokwisha kufika majini yalipanda mlima vichwani mwa wapagazi, Placide akiwalipa kwa safari ya pili, na mwenye mise akitembea mbele na mikono mitupu. Walipofika, alimpa Placide maji ya kunywa, akakaa, akauza. Ila aliuza kwa sharti lake: katika kila vikapu vinne, kimoja kinabaki nyumbani.

"Kikapu ya ine ya nini, mama? Ninanunua yote, unapata feza ya yote."

"Na mutoto akizaliwa, nitamupaka feza?"

Placide aliondoka akihesabu kwamba ameshindwa. Lakini alikuwa amepata mise nzuri kuliko zote za pwani, na wiki mbili baadaye alirudi.

Sasa kuzaliwa. Marehemu alizaliwa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, mwaka 1903, mtoto wa tatu wa mzee Ndihokubwayo, mkulima mwenye ng'ombe wachache. Kule bondeni hakuna michikichi ya kutosha. Watu walijipaka siagi, na marehemu alikuwa akisema kwamba hadi anakuwa msichana alidhani binadamu wote duniani wananuka ng'ombe.

Masomo yake yalikuwa ya katekisimu, kwa mwalimu Térence, na alibatizwa tarehe 15 Agosti 1920. Siku hizo wanafunzi walimlimia mwalimu shamba lake la mihogo, na wasichana walifundishwa sala kwa kusikiliza tu, bila kuonyeshwa herufi. Marehemu alilima mistari miwili, akaweka jembe chini, akasema mihogo inayobaki itangoja mpaka naye aonyeshwe kitabu kama wavulana. Mwalimu Térence alikasirika, kisha akaitazama mihogo yake. Marehemu akajifunza kusoma. Kuandika hakujifunza, kwa sababu, alivyosema, mihogo ilikuwa imeisha.

Mwezi Juni 1922 alifunga ndoa na Herménégilde, kijana wa Kigongo mwenye michikichi kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mama mkwe wake, marehemu bibi Pélagie, alimpokea na kumkabidhi jiwe la kupasulia lenye kishimo katikati, pamoja na lile dogo la mkononi, akamwambia hiyo ndiyo mali yake katika nyumba ile. Bibi arusi hakuwahi kupika mafuta ya mise. Mara ya kwanza alizikaanga mpaka moshi ukawaleta majirani na ndoo za maji. Mafuta yalitoka meusi na machungu. Bibi Pélagie hakumgombeza. Alichukua mafuta yale akampaka mbuzi mwenye upele, na mbuzi akapona. Kwa miaka mingi majirani waliendelea kumwomba marehemu awaunguzie mafuta kidogo kwa ajili ya mifugo yao.

Lakini alijifunza, na akawapita waliomfundisha. Alijua kwa sikio. Mise zikiwa kwenye chungu alikuwa akiwapa watu mgongo na kusikiliza zinavyopasuka, na alijua lini aziondoe motoni, lini zitwangwe, lini ziingie kwenye maji ya kuchemka mpaka mafuta yapande juu na kuenguliwa na kijiko cha mti. Mafuta yake yalikuwa na rangi ya kahawa na harufu iliyofika barabarani kabla ya nyumba kuonekana. Kwa mafuta hayo Kigongo ilikaanga ndagala, ikapaka nywele, ikawasha taa pale petroli ilipokosekana, ikawakanda watoto wenye kikohozi kifuani na mgongoni. Yaliyobaki chini ya chungu aliyachanganya na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ikatoka sabuni nyeusi ambayo mashati ya Misa ya Jumapili yalifuliwa nayo. Hata maganda ya makokwa hayakutupwa. Fundi chuma aliyachukua kwa moto wake, na mengine yalimwagwa uani ili mvua ikinyesha watu wasikanyage matope. Anayefika kwenye ua ule alisikika miguu yake kabla hajabisha hodi.

Wanawake wa jirani walileta makokwa yao kupasulia hapo, kwa sababu kazi ile peke yako inachosha, na kwa sababu habari zote za Kigongo zilipitia hapo. Hivyo Placide alipokuja kununua alikuwa anakutana na ua mzima, na mdomo mmoja uliosemea wote. Miaka miwili alibishana na mdomo huo ana kwa ana. Hakuwahi kupata kikapu cha nne. Alichopata ni kumwona binti mdogo wa marehemu, Émérance.

Ndoa ya Placide na Émérance ilifungwa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1953. Placide alifikiri, na hakuona aibu kufikiri hivyo, kwamba kuanzia sasa atanunua kwa bei ya nyumbani. Hakufikiri juu ya ukwe. Kwa desturi za pande zote mbili, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina, na wala hawabishani. Siku ya soko ya kwanza baada ya arusi, wabishani wawili wakubwa wa pwani walijikuta kila mmoja anatazama upande wake, na katikati yao mise zinangoja kuuzwa.

Marehemu ndiye aliyepata njia. Aligeukia kinu chake.

"Ee kinu," akasema, "muambie huyu muntu wa Kalundu balanse yake iko na njaa. Kila mara inakula kilo mbili."

Placide naye, mkono juu ya mizani yake, akitazama barabara, "Kinu, uambie mama balanse iko nzima. Ni mise iko na mayi."

"Kinu, muulize kama kitu ya mayi inaweza kulia hivi," na marehemu akatikisa mise mkononi, zikalia kama njuga.

"Nimesikia, kinu. Lakini ile kikapu ya ine, sasa tuko jamaa moja."

"Kinu, muambie kama tuko jamaa moja, ile kikapu iko yake pia. Ibaki hapa."

Watu walianza kupita uani siku za soko bila ya kuwa na shughuli yoyote. Jirani Agathe alisema wakwe wengine wote aliowajua waliheshimiana kwa kunyamaza, lakini hawa waliheshimiana mpaka sauti ikawakauka.

Mwaka 1954 bei ya mise ilipanda sana bandarini. Bohari lilitaka kila punje. Placide aliona kwamba kikapu cha nne cha nyua zote za pwani, kikikusanywa, ni meli nzima inayolala bure vyunguni. Kwa Mama Pudentienne hakujaribu tena. Alikwenda kwa wengine, nyumba kwa nyumba, kutoka Kigongo kuelekea kusini hadi Makobola, akiwaambia kuwa sabuni ya dukani iko, mafuta ya kopo yenye marashi yako, na fedha hii hapa. Wakauza. Kufikia Noeli hakuna ua uliokuwa na mise isipokuwa mmoja. Bwana wa bohari alimpa Placide mkono mbele ya watu.

Jumatano tarehe 9 Februari 1955 Émérance alijifungua mtoto wa kike, Marie-Rose, mtoto mzima, mwenye sauti. Mkunga akamwosha, akanyoosha mkono apewe mafuta ya mise ya kumkanda na kumpaka, kama alivyopakwa kila aliyezaliwa pwani hii. Nyumbani kwa mnunuzi mkubwa wa mise hapakuwa na tone. Placide akaleta kopo la dukani. Mkunga alilinusa, akalifunga, akalirudisha.

"Hii ni ya kwenda kucheza dansi," akasema. "Mutoto atapata baridi. Leta mafuta ya mise, Baba Marie-Rose."

Placide akatoka. Nyumba ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.

"Mafuta itoke wapi?" Mama Agathe akamuuliza akicheka mpaka akashika mlango. "Mise yetu unayo weye."

"Imekwisha kwenda, mama. Iko Albertville."

"Basi ukimbie. Labda meli haijafika."

Aliyebaki ni mmoja. Placide alifika uani kwa mkwe wake, na kwa vile maganda yalimsaliti, marehemu alishageukia kinu.

"Kinu, kuna muntu amekuja. Muulize anatafuta nini."

"Kinu, uambie mama amepata mujukuu. Muke. Wote wazima."

Marehemu alimshukuru Mungu kwa sauti, akapiga vigelegele, na ua mzima ukamfuata. Kisha akakigeukia kinu tena.

"Kinu, muulize tena. Habari ya mujukuu ni ya kuleta mwenye kutembea. Huyu amekuja anakimbia."

Placide akaomba mafuta. Marehemu alijibu kwamba chupa ya mtoto iko tayari tangu mwezi uliopita, ameshaituma na binti yake Generose kwa njia ya chini tangu aliposikia Émérance ameshikwa na uchungu, na sasa hivi mtoto anapakwa. Hawezi kumfunga mjukuu kwa ajili ya kosa la baba yake. Lakini mtoto hupakwa mwaka mzima, na chupa zinazofuata zina bei. Bei ilikuwa hivi: Placide akae chini, achukue jiwe, apasue makokwa mpaka kikapu kijae. Na akimaliza, kikapu cha nne kirudi kwenye nyua zote alizozifagia.

Hakuna mwanamume aliyewahi kukaa kwenye ua ule na jiwe mkononi. Tena mbele ya mama mkwe. Wanawake walimpa nafasi ukutani, akakaa akiwapa mgongo kama desturi inavyotaka, akapasua. Kokwa la kwanza liliruka mpaka barabarani. La pili lilisagika pamoja na mise yake. La tatu lilikuwa kidole gumba. Wanawake walikuwa wakiimba, na wimbo ule, wenye maneno yaliyotungwa hapo hapo juu ya mkwe na kidole chake, bado unaimbwa Kigongo. Jua lilikuwa limelala alipojaza kikapu. Siku ile Placide alielewa kwa mkono wake kile alichokuwa anakinunua kwa kilo, na alielewa pia kwamba miaka yote alikuwa amekinunua rahisi sana. Hili la pili hakumwambia mtu.

Sharti alilitimiza. Mise za nyua zote zilianza tena kubaki kikapu kimoja katika vinne, na Placide alipoteza sehemu ya mzigo na tabasamu la bwana wa bohari.

Mwezi Oktoba 1958 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alitibiwa katika dispensari ya Uvira, akarudi nyumbani, akarudi tena kwenye kitanda cha dispensari mwezi Januari. Daktari alisema ni moyo. Yeye alisema moyo hauna neno, ni mteremko wa Kigongo ndio umezidi kuwa mrefu. Hakulalamika. Kilichomsumbua ni kimoja, na alikisema kwa kila aliyemtembelea: akiondoka, nani atazuia mise zisipande meli zote? Mwanzoni mwa Machi aliagiza Placide aitwe. Placide aliingia akasimama mlangoni, uso kwenye ukuta.

"Geuka," marehemu akasema.

"Mama, ni mwiko."

"Minye niko mugonjwa. Nikisemesha mugongo, nitajuaje kama unanidanganya?"

Placide akageuka. Hawakuwa wametazamana tangu 1953. Marehemu akamwambia anataka ahadi: kikapu cha nne kibaki katika kila ua, hata yeye akiwa hayupo.

"Na minye nitapata nini?" Placide akauliza.

Libérat, mwana mkubwa wa marehemu, ambaye ni fundi wa meli na ana mikono mikubwa, alisimama. "Shemeji, mama iko nagonjwa hivi, na weye iko nafanya soko?"

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kumwinua mto. "Umuache," akamwambia mwanawe. "Angekubali bure, ningejua atavunja." Kisha akamwonyesha Placide kile alichokuwa amekiandaa akiwa amelala pale. Kila mwanamke aliyekuja kumwona alikuwa ameondoka na neno moja: mise za kuuza, kutoka Kigongo hadi Makobola, ziuzwe kwa Placide peke yake, maadamu kikapu cha nne kinabaki. Siku atakayokigusa, wauze kwa mwingine. Nao walikuwa wamekubali. Mawe ya bibi Pélagie na kazi ya kuusemea ua vinakwenda kwa Émérance.

Placide akatoa mkono. Marehemu akaushika. Walikuwa wamepatana.

Mama Pudentienne alifariki Alhamisi tarehe 12 Machi 1959, saa nne asubuhi, akiwa na binti zake, baada ya kupokea sakramenti. Mabinti hao ndio waliomwosha na kumpaka mafuta ya mise kutoka utosini hadi nyayoni. Ameacha mume, mzee Herménégilde, watoto watatu, Libérat, Generose na Émérance, wakwe, wajukuu tisa, wa kwanza kwa sauti akiwa Marie-Rose, majirani wa ua, wakiongozwa na Mama Agathe, na ndugu wa Lubarika waliosafiri kwa lori usiku kucha ili wawe nasi leo.

Hivi ndivyo mapatano yalivyokwisha. Marehemu alitaka mise zibaki mikononi mwa wanawake, na zimebaki. Leo hakuna mtoto wa pwani hii atakayezaliwa akakuta chungu kitupu. Kwa hilo alitoa miaka ya sauti yake na siku zake za mwisho za pumzi. Placide amepata pwani nzima bila mshindani, jambo ambalo hakuna bohari lingempa. Alifikiri pia kwamba amepata muuzaji mpole. Jana jioni, tukiwa bado tunapokea wageni, Émérance alimwita kando akamjulisha kuwa wanawake wamekaa, na kuanzia msimu huu kinachobaki nyumbani ni kikapu cha tatu, yaani kimoja katika kila vitatu. Placide alimkumbusha kuhusu ahadi ya kitandani. Akajibiwa kwamba ile aliiweka na mama mkwe, na mama mkwe amelala.

Mungu wa rehema ampokee mtumishi wake Pudentienne, na ampe amani ya kudumu. Huku nyuma, kazi yake ina mwenyewe.